Paja la Mjomba Ndambiri

Ukifika Manyatta ukauliza kwa Ciakuthii ni wapi, watu watakunja nyuso kwanza, wafikirie. Uliza kwa Mama Friza, na hata mbwa watakusindikiza.

Jina hilo hakupewa bure. Ciakuthii ni mwanamke mfupi, mwenye kicheko kinachoingia mlangoni kabla yake, na kazi yake ni kuchemsha maharagwe. Usicheke. Walimu na watu wa ofisi kule Embu mjini wanapenda sana maharagwe, ila hawana muda wa kuyakalia jikoni mchana kutwa yakigoma kuiva. Basi yeye huyachemsha, huyapoza, huyatia kwenye mikebe na kuyagandisha. Wao hununua mkebe, wakaenda nyumbani kukaanga kitunguu kimoja na kujigamba mezani kwamba wamepika. Ciakuthii anajua siri za nyumba nyingi za mjini, na hajawahi kumtaja mtu. Akikutana nao kanisani huwauliza tu, "Maharagwe yako yaliivaje juzi?" Nao huangalia viatu.

Friza yenyewe ilitoka katika duka la aiskrimu lililofungwa. Ni sanduku kubwa jeupe, na kwenye mfuniko bado kuna picha ya mtoto analamba aiskrimu, ingawa nusu ya uso wake imeshabanduka. Imekaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kwa sababu katika nyumba ya Ciakuthii kitu cha maana hakifichwi jikoni. Gachoki, mumewe, mkulima wa chai asiye na maneno mengi, hula chakula chake akitazamana na yule mtoto wa nusu uso, na amemzoea.

Na friza ile ina amri kushinda kanisa. Chakula cha moto hakiingii. Sufuria ikae kwanza ndani ya beseni la maji baridi hadi itulie. Nyama mbichi hulala chini kabisa, isije ikadondoshea maharagwe damu. Kila mkebe una kipande cha selotepu chenye tarehe. Kilichoyeyuka hakirudi ndani, kinapikwa siku hiyo au kinatupwa. Na mfuniko, jamani, huo mfuniko! Gachoki alikuwa na mazoea ya kuufunua na kusimama tu pale, anaangalia.

"Funga!" Ciakuthii hupiga kelele kutoka jikoni, wala hajamwona. "Kwani unaangalia televisheni humo?"

"Natafuta kitu."

"Kitu gani?"

"Nikikiona nitakijua."

Sasa subiri nikuonyeshe kikombe, maana bila kikombe hatufiki popote. Pembeni mwa friza, juu ya mikebe, Ciakuthii huweka kikombe cha bati kilichojaa barafu, na juu ya barafu hiyo kuna sarafu ya shilingi ishirini. Mama mmoja wa kwaya ndiye aliyemfundisha. Stima ikipotea wewe ukiwa safarini, barafu inayeyuka na sarafu inazama. Stima ikirudi, kila kitu kinaganda upya, kigumu, kizuri, kana kwamba hapakutokea jambo. Utafungua na kusifu. Lakini sarafu itakuwa chini ya kikombe, imenaswa ndani ya barafu, na haina namna ya kupanda tena kukuficha ukweli.

Na chini kabisa ya friza, chini ya kuku na maini, palikuwa na paja la mbuzi ambalo hakuna mtu aliyethubutu kulila wala kulitupa.

Paja hilo lilianzia siku ile watu wa Muthara walipokuja kuleta mahari. Wanjira, binti ya Ciakuthii, alikuwa amechumbiwa na kijana wa huko anayeitwa Muthomi, fundi wa mabomba ya maji, mpole kupita kiasi. Mbuzi alichinjwa hapo uani. Sasa kwa watu wa kina Ciakuthii, kila kiungo cha mbuzi wa siku hiyo kina mwenyewe. Kuna sehemu ya wazee, kuna ya kina mama, kuna mbavu za shemeji, na paja la kulia la nyuma ni la mjomba wa msichana. Mjomba naye huwa na neno lake la baraka, na neno hilo lisipotoka, wazee hawamsindikizi msichana kokote, hata kama mchungaji ameshapiga pasi kanzu yake.

Mjomba wa Wanjira ni Ndambiri, kaka mkubwa wa Ciakuthii, mfuga nyuki wa kule Gachoka walikozaliwa, chini kwenye joto. Asubuhi ya siku hiyo aliwapigia simu: "Kundi la nyuki limeingia mzinga mpya, siwezi kuliacha halijatulia. Nitachelewa kidogo. Msianze."

Walianza. Wageni walikuwa wametoka mbali, mawingu yalikuwa yameshuka, na harufu ya nyama ilikuwa imewashinda hata wazee wenyewe. Ndambiri alipotokea langoni na galoni ndogo ya asali mkononi, mbuzi alikuwa tayari katikati ya meno.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza paja lake liko wapi, akaletewa bichi, zima, kama inavyotakiwa. Akatoa mfukoni kamba ya katani, akalifunga kwenye kifundo cha mguu kwa lile fundo lake la kuning'iniza mizinga. Fundo hilo hulijua yeye peke yake. Halilegei kwa upepo wala mvua, na mtu mwingine akijaribu kulifungua huongeza kulikaza.

"Liwekeni," akasema. "Siku nikitulia nitakuja kulila. Na neno langu kwa huyu mtoto nitalitoa siku hiyo, si kabla."

Kisha akageuka, akarudi Gachoka. Na akarudi na asali yake.

Ukidhani ndipo paliishia, humjui Gachoki. Watu wasio na maneno mengi hukasirika kwa vitendo. Miezi michache baadaye Ndambiri naye alichinja kwake, siku wakwe wa mwanawe walipokuja, akamwalika shemeji yake akachukue mbavu zake. Gachoki aliyekuwa amevaa koti tayari akalivua, akatuma ujumbe: "Wekeni mbavu zangu. Nami nikitulia nitakuja."

Basi ikawa hivyo. Paja la Ndambiri limeganda Manyatta, mbavu za Gachoki zimeganda katika friji ya Ndambiri kule Gachoka, na Wanjira na Muthomi wako katikati wanangoja wazee wawili watulie.

Msimu wa mvua ndefu mwaka huu, Ciakuthii na mumewe walialikwa Muthara kuwaona wakwe. Walilala huko siku kadhaa, wakala, wakasifiwa. Waliporudi, majirani wakawaambia mti mkubwa uliangukia nyaya za stima, na eneo zima lilikaa giza hadi juzi. Ciakuthii hakuvua hata kilemba. Alikwenda moja kwa moja kwenye friza. Ilikuwa inanguruma vizuri, kila mkebe mgumu. Akainua kikombe na kukitazama.

Sarafu ilikuwa chini.

"Lakini gusa, ni gumu kama jiwe!" Gachoki alisema, akiligonga paja.

"Gumu leo. Juzi lilikuwa laini, na hujui lilikaa laini kwa muda gani. Hujui na mimi sijui."

Alitupa maharagwe yote, mbaazi, kuku wawili, akilia kidogo na kutukana ule mti. Gachoki alichimba shimo. Paja lilibaki mwisho, peke yake, chini ya friza, na kamba yake ya katani.

"Tupa na hilo," Gachoki akasema.

"Nitupe. Halafu wewe ndiwe utampigia simu Ndambiri umwambie tulianza bila yeye, na sasa tumemwozeshea?"

Gachoki alifikiri, kisha akaufunika mfuniko taratibu.

Kikombe nacho Ciakuthii hakukivunja barafu. Alikiweka kwenye kona pamoja na paja, na akaweka kingine kipya juu ya mikebe mipya. Hakumwambia mtu, hata Wanjira. Alijisemea kwamba Ndambiri hatatulia mwaka huu wala ujao, na jambo lisilokuja halihitaji jibu.

Likaja. Arusi ilikuwa imepangwa, na kadi zimeshatoka kwa matumaini tu, maana tarehe haikuweza kungoja zaidi. Jumamosi moja kabla ya Jumamosi yenyewe ndiyo iliyokuwa imebaki ya mjomba kutoa neno lake, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshasema kwamba hawatavaa viatu kabla hawajalisikia. Siku ya Jumatano simu ikalia.

"Cia," ikasema sauti ya Ndambiri. "Nimetulia."

"Asante Mungu, kaka!"

"Nakuja Jumamosi kula paja langu. Usilipike. Nataka kulipokea lenyewe, na fundo langu, kama nilivyoliacha. Halafu nitambariki mtoto."

Ciakuthii alikaa juu ya friza, juu ya uso wa yule mtoto. Akimpa Ndambiri lile paja, huenda akambariki msichana mchana na jioni wakampeleka hospitali amejikunja. Asipompa, hakuna neno, na pasipo neno Wanjira atakaa na gauni lake kwenye hanga. Aliyapima hayo mawili kwa muda, kama mtu anayepima viazi, kisha uso wake ukaanza kupata ile rangi ambayo Gachoki aliijua na kuiogopa.

"Mama Wanjira," akasema Gachoki. "Unataka kufanya nini?"

"Niletee beseni."

Waliliyeyusha paja nje, nyuma ya nyumba. Lilipolainika lilitoa harufu ya nguo zilizosahauliwa ndani ya ndoo, na Ciakuthii akapata uhakika kwamba sarafu haikumsingizia mtu. Lakini pia lilinywea, likawa jembamba, na hapo ndipo alipokuwa anapangojea. Alishika kamba kwa vidole viwili akaivuta polepole kupitia kifundo, kama unavyovua bangili. Ikatoka. Mviringo mzima, na fundo juu yake halijaguswa.

"Uongo huu umevaa pete," Gachoki akanung'unika. Akaenda kulizika paja chini ya migomba, shimo refu, na mawe juu mbwa wasije wakalifukua.

Kesho yake mapema Ciakuthii aliingia kwenye bucha ya Gitari pale sokoni, na kamba mkononi.

"Nataka paja la mbuzi. La kulia, la nyuma."

Gitari akateremsha moja. Ciakuthii akajaribu kuivisha kamba. Haikupita.

"Lingine."

La pili kamba ikapita lakini ikalegea, ikateleza hadi chini. La tatu likakwama. Watu wawili waliokuwa wanangoja matumbo wakasogea kutazama.

"Mama Friza," Gitari akasema, amejishika kiuno, "mimi nauza nyama. Duka la viatu ni lile la pili."

"Wewe leta lingine na uache mdomo."

"Nikuletee na soksi?"

La nne lilikaa sawasawa, kana kwamba Ndambiri mwenyewe ndiye aliyelipima. Ciakuthii akalikumbatia. Macho yake yote yalikuwa kwenye kamba, na alilifunga kwenye karatasi bila kuligeuza hata mara moja. Nyumbani alilinyunyizia maji kidogo lipate ukungu wa uzee, akaliingiza friza, akalinyunyizia tena lilipoganda. Kufikia Ijumaa jioni lilikuwa na theluji juu yake kama kilele cha mlima Kirinyaga. Hata Gachoki, asiyesifu kitu, akasema, "Hilo linaonekana limekaa miaka."

Jumamosi Ndambiri alifika kabla ya chakula cha mchana. Mrefu, mkavu, kofia kichwani, harufu ya moshi wa nyuki kwenye koti. Mkono mmoja alishika ile galoni ya asali, mwingine sanduku la plastiki la kuwekea vitu baridi. Aliwasalimu wote kwa mikono miwili, akamwinamia Gachoki.

"Shemeji, sikuja mikono mitupu. Humu mna mbavu zako. Nimekutunzia kama macho yangu."

Gachoki alishtuka. Hakuwa amezitarajia. "Asante, shemeji," akasema, na kwa jinsi alivyolitazama sanduku ungedhani lina nyoka.

"Cia, lete paja langu."

Ciakuthii alilileta kwenye sinia. Wanjira alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, anamwangalia mjomba wake usoni, kwa sababu mwaka mzima na zaidi alikuwa anaungoja uso huo ulegee.

Ndambiri alilitazama paja. Akaligonga kwa kifundo cha kidole: ko, ko. Akainama, akalikagua fundo.

"Fundo ni langu."

"Ni lako, kaka."

"Hakuna aliyeligusa."

"Nani angeweza?"

Akatabasamu kidogo, akaridhika, akaweka viganja vyake viwili juu ya nyama kuipasha joto, ili fundo lilainike alifungue. Barafu ikaanza kuloa. Akasugua. Theluji ya Ciakuthii ikateremka kwa vijito kwenye sinia. Ndambiri akainua kiganja chake kukipangusa, akakitazama, akakigeuzia dirishani kwenye mwanga. Kilikuwa cha zambarau.

"Cia."

"Naam."

"Yule mbuzi wa watu wa Muthara alichinjiwa wapi?"

"Hapa hapa uani. Wote tulikuwepo. Yaani, isipokuwa wewe."

"Na mkaguzi wa nyama alikuwepo?"

"Mkaguzi? Wa nini? Mtu anachinja kwake, amwite mkaguzi?"

"Ndiyo nashangaa," Ndambiri akasema taratibu, "maana amepiga muhuri."

Wote wakainama. Na kweli, pale barafu ilipoyeyuka, ukaonekana muhuri wa machinjioni, mviringo, wa zambarau, umekaa pale kama cheti cha shule. Ciakuthii ameuona muhuri huo kwenye nyama ya bucha maisha yake yote hadi macho yake yameacha kuuona.

Vikombe vikagongana kwenye trei ya Wanjira. Gachoki akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hajanywa maji, akatoka.

"Mama," Wanjira akasema. "Umefanya nini?"

Ciakuthii alifungua mdomo atafute uongo mwingine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kuongea hakuupata. Akaenda kwenye friza, akatoa kile kikombe cha bati kutoka kwenye kona, akamwekea kaka yake mbele.

"Hiki ndicho kilichonifanya mwongo," akasema. Akaeleza yote: mti, nyaya, sarafu, harufu, beseni, migomba. "Ningekupa lile la kwanza lingekuua. Ningekwambia ukweli ungekasirika upya, na wewe ukikasirika tunakungoja hadi mtoto azeeke."

Ndambiri aligeuza kikombe juu chini. Akachungulia sarafu ndani ya barafu, mbali kule chini.

"Kwa hiyo hukutaka nife."

"Nilitaka ubariki kwanza."

Alisema hivyo kabla hajajizuia. Midomo ya Ndambiri ilianza kutetemeka, na Wanjira akafumba macho, akijua sasa imekwisha.

Lakini Ciakuthii hakuwa anatazama midomo ya kaka yake tena. Alikuwa anatazama lile sanduku la plastiki alilokuja nalo. Njiani lilikuwa limepata joto, na mfuniko ulikuwa umesogea kidogo. Mbavu zilionekana upande. Sasa Ciakuthii anajua sura ya nyama iliyokaa sana kwenye baridi. Hukauka kingo, ikapauka, ikawa kama goti la mtu asiyejipaka mafuta. Hizi zilikuwa nyekundu, zimenona, zinameremeta kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Kaka," akasema kwa upole sana, "hebu lete na mbavu tuziandae."

Ndambiri alilivuta sanduku katikati ya miguu yake. "Mbavu ni za Gachoki."

"Na Gachoki ni wangu. Lete."

"Atazipokea mwenyewe. Ndiyo desturi."

"Gachoki!" Ciakuthii akapaza sauti. "Ng'ombe ameshashiba! Njoo upokee mbavu!"

Gachoki, ambaye hakuwa amefika kwa ng'ombe bali alikuwa chini ya dirisha, aliingia papo hapo. Akalifungua sanduku, akazitoa mbavu, na Ciakuthii akazipitishia kitambaa chenye maji. Mara moja tu. Zambarau.

"Ehe," akasema Ciakuthii. "Na huyu wako wa Gachoka, nani alimkagua?"

Ndambiri alitazama dari. Ilikuwa dari ya kawaida tu, haikumsaidia.

"Stima ya kule kwetu..." akaanza.

"Ilipotea? Sarafu ilizama?"

"Sina sarafu."

"Basi?"

"Nilizila."

"Lini?"

"Wiki ileile!" Ndambiri akalipuka. "Mume wako anakataa mbavu zimeshakatwa. Kila nikifungua friji zinaniangalia. Sasa mimi nifanye nini, niziimbie? Jana nikapita Kiritiri kwenye bucha nikanunua nyingine."

Wa kwanza kucheka alikuwa Wanjira. Ilibidi aweke trei chini. Halafu Gachoki akatoa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu walipooana, kama mlango unaohitaji mafuta. Ciakuthii alijitupa kwenye kochi akapiga mapaja yake, na Ndambiri, ambaye alijitahidi sana kubaki amekasirika, akaanguka naye, kofia ikabiringika hadi chini ya friza.

"Mama yetu alituzaa wawili," akasema akijipangusa machozi, "na akili aliipika sufuria moja."

"Ila mimi nilibadilisha nisikudhuru," Ciakuthii akasema. "Wewe ulibadilisha kwa ulafi."

"Nyamaza, mtoto wewe."

Mbavu zilikuwa zimeyeyuka njiani, na kilichoyeyuka hakirudi, kwa hiyo zikaenda kwenye makaa. Paja lilikuwa bado jiwe ndani. Likatumbukizwa kwenye sufuria ya maji, likachemshwa hadi mfupa ukaachia. Walikula wote kutoka sinia moja, na hakuna aliyeuliza nani ni mwenye kiungo kipi.

Baada ya kunawa, Ndambiri alimwita Wanjira, akamweka mbele yake. Akafungua galoni.

"Mtoto wangu, katika vyote vilivyoletwa hapa leo, hiki ndicho pekee kisichobadilishwa. Ni asali ileile. Nilikuja nayo siku ile nikarudi nayo, na kila nilipoiangalia ilikuwa nzuri kuliko mimi. Haikuhitaji friza." Akachovya kidole, akamgusa ulimi. "Nenda Muthara. Huyo fundi wako akikukosea mwambie siku hiyohiyo, na wewe ukimkosea omba msamaha chakula kikiwa bado cha moto. Uzae, ulime, ucheke. Neno langu ndilo hilo, na limetoka."

Wanjira alilia. Ciakuthii pia, akisingizia moshi.

Wakati wanawake wanaosha vyombo na Gachoki amekwenda kupeleka majani yake ya chai kwenye kituo cha kupimia, Ndambiri alibaki sebuleni peke yake, akisema anapumzisha mgongo. Baadaye akaaga kwa furaha, akachukua kofia, akaondoka akipiga mluzi.

Ni jioni tu, Ciakuthii alipokwenda kutoa mikebe ya wateja wake wa Jumatatu, ndipo alipoona. Kamba ya katani ilikuwa imeizunguka friza yote, juu na chini, imepita kwenye mkono wa mfuniko, imekazwa hadi yule mtoto wa aiskrimu amegawanyika. Na juu kabisa, katikati, lilikaa fundo.

Akampigia simu.

"Kaka! Umefunga friza yangu!"

"Nimeifunga."

"Mbaazi za arusi zimo humo! Karoti! Maharagwe ya walimu!"

"Najua. Nitakuja Jumamosi kuifungua mwenyewe, mapema. Na safari hii, Cia," sauti ikashuka ikawa tamu kuliko asali yake, "hamtaanza bila mimi."

"Wateja wangu je? Wiki nzima?"

"Si wewe unayesema friza isifunguliwe ovyo?"

Akakata.

Gachoki alikuja kutoka jikoni na kisu. Ciakuthii akakitazama kisu, akalitazama fundo, akamtazama Wanjira aliyekuwa bado anajilamba asali kwenye midomo.

"Rudisha kisu," akasema. "Kawashe moto. Tunachemsha maharagwe mengine."

Jumamosi ya arusi, Gachoki hajapata hata soksi ya pili, Ndambiri alikuwa ameshafika langoni na suti yake ya kahawia. Hakusalimu mtu. Alikwenda sebuleni, akavuta mkia wa kamba mara moja, fundo likafunguka lote kama lililokuwa linamngoja. Akainua mfuniko. Mbaazi zilikuwa ngumu, karoti ngumu, na juu ya mikebe kulikuwa na kikombe cha bati, sarafu imelala juu ya barafu palepale ilipoachwa.

Ndambiri aliichungulia kwa muda mrefu, ameshika mfuniko kwa mkono mmoja.

"Funga!" akapiga kelele Ciakuthii kutoka jikoni, wala hajamwona.